Mbwa Aliyekuja Mkubwa na Malezi Yake

Watu wengi, wakimpokea nyumbani mbwa mkubwa aliyelelewa na mwingine, au aliyeokotwa njiani asiye na mlezi, kisha wakaona kuwa mbwa huyo ananguruma akisogelewa chakulani, analia akiachwa peke yake, anatafuna viatu na miguu ya viti, au anamrukia kila apitaye langoni, hukimbilia methali isemayo kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, wakaifanya hukumu, na hukumu hiyo ikawa ndiyo mwisho wa juhudi zao. Methali hiyo ina haki yake, wala sikukusudia kuikanusha. Walakini elimu ya tabia za wanyama, ambayo imelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 100, inashuhudia kuwa mbwa hujifunza maisha yake yote, na kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyaita ukaidi, inda na ubaya katika mbwa aliyekuja mkubwa ni hofu, pamoja na mazoea aliyoyapata mahali ambapo mazoea hayo yalimfaa. Alijuaye hili atatafuta dawa ya hofu, ambayo ni utaratibu, subira na malipo mema. Asiyelijua atashika fimbo, nayo fimbo, kama nitakavyoeleza, huuzidisha ugonjwa ule ule iliokusudiwa kuuponya.

Mbwa wa namna hii huja kwa njia nyingi. Katika miji yetu ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Nairobi wako walioachwa na wenyewe waliohama au waliorudi kwao. Wako mbwa koko waliozaliwa majalalani, nyuma ya masoko na machinjio, wakahurumiwa na mpita njia. Na wako watokao katika vituo vya kuhifadhi wanyama, mfano wa kile cha chama cha KSPCA kilichoko Nairobi, ambacho huwatafutia walezi wapya mbwa na paka waliotupwa. Kila mmoja wao huingia katika maskani mapya akiwa na taarikhi ambayo haikuandikwa popote ila katika mwenendo wake: aliyekulia kwenye njaa hukilinda chakula, aliyepigwa kwa ufagio huukimbia ufagio, na aliyeachwa mara moja huchelea kuachwa mara ya pili.

Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John L. Fuller, waliofanya kazi yao huko Bar Harbor katika jimbo la Maine na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kuwa mtoto wa mbwa ana majira maalumu ya kuzoeana na viumbe na vitu vya dunia, majira yanayoanza yapata juma la 3 la maisha yake na kufifia karibu na juma la 12. Yale ayaonayo wakati huo kwa salama, watu wazima na watoto, kuku, pikipiki, ngurumo za mvua, huyahesabu kuwa ni mambo ya kawaida. Yale asiyoyaona huelekea kuyaogopa baadaye. Watoto wa mbwa waliolelewa uani bila kuzoeana na watu mpaka juma la 14 walitoka wakiwaogopa wanadamu kwa hofu ya mnyama wa mwituni. Hapa ndipo methali ya samaki ilipo na ukweli wake, na mlezi wa mbwa mkubwa hana budi kuukubali: kama majira hayo yalipita vibaya, kazi itakuwa ndefu, na huenda mbwa asipate kamwe kuwa mchangamfu mbele ya kila mgeni.

Lakini kuzoeana kwa utotoni ni mlango mmoja tu wa elimu, na mlango wa pili haufungwi mpaka mauti. Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepewa Nishani ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa namna chakula kinavyosagwa tumboni, ndiye aliyebainisha kuwa mbwa akizoea kusikia sauti fulani kabla ya kupewa chakula, hufika wakati akadondoka mate kwa kuisikia sauti hiyo tu, ijapokuwa chakula hakipo. Kwa kanuni hiyo hiyo, mbwa aliyezoea kupigwa kila aingiapo mtu mwenye kanzu au mwenye kofia hutetemeka kwa kuiona kanzu au kofia. Faida kubwa ya maarifa haya ni kuwa kanuni iliyoijenga hofu ndiyo iwezayo kuitengua: kitu kinachoogopwa kikiletwa kwa mbali na kwa udogo, na kila kionekanapo kikafuatwa na jambo jema, maana yake hubadilika polepole moyoni mwa mnyama. Pavlov aliona pia kuwa funzo la zamani halifutiki kabisa, bali hufunikwa na jipya, na laweza kuzuka tena baada ya muda. Kwa hiyo mlezi asivunjike moyo akiona mbwa wake aliyetengemaa anarudia siku moja tabia ya kale. Na aanze tena pale alipokuwa amefika salama, bila ghadhabu.

Mambo mengi huharibika katika siku za mwanzo, na huharibika kwa wema usio na tadbiri. Mbwa huletwa, nyumba nzima humzunguka, watoto humkumbatia, majirani huitwa waje kumwona, huogeshwa kwa sabuni na kusuguliwa, hupewa chakula asichokijua, kisha jioni yake akinguruma watu hushangaa. Uchunguzi uliofanywa Marekani katika miaka ya 1990 juu ya mbwa waliotiwa kituoni uliipima damu yao na kuikuta homoni ya kotisoli, ambayo mwili huitoa wakati wa dhiki, imepanda sana katika siku 3 za kwanza kupita ile ya mbwa walioko kwao. Mbwa aliye katika hali hiyo hafundishiki jambo. Haja yake ni kutulia. Atengewe pembe moja ya upenu au ya ua, mahali penye kivuli, pasipo njia ya watu, na maji yasiyokauka. Apewe chakula alichokizoea kwa juma zima kabla ya kubadilishiwa kidogo kidogo. Alishwe saa zile zile kila siku na mtu yule yule. Atolewe kwa kamba kwenda haja asubuhi, adhuhuri na usiku. Anayetaka urafiki naye na aketi chini ubavu ubavu, asimkazie macho, asimwinamie kichwani, na amwache mbwa aje kwa hiari yake. Walezi wa vituo wana kanuni yao ya mazoea, kwamba mbwa huhitaji siku 3 kupumua, majuma 3 kuujua utaratibu wa nyumba, na miezi 3 kuihesabu nyumba kuwa ni yake. Si hesabu ya maabara, lakini imewaokoa mbwa wengi kutokana na haraka ya wenyewe.

Kabla ya kuitibu tabia, mwili utazamwe. Sisi madaktari wa mifugo huletewa mbwa aliyeitwa mkali, ambaye sikio lake limejaa usaha na hawezi kustahimili kuguswa kichwani. Au aliyeitwa mvivu na mwenye chuki, ilhali ana homa iliyoletwa na kupe. Au aliyeitwa mchafu wa kukojoa ndani, ilhali kibofu chake kina maradhi. Jino bovu, jeraha lililofunikwa na manyoya, chango, upele unaowasha usiku kucha, kila moja katika haya latosha kumfanya mnyama mpole awe mwepesi wa kuuma. Basi mbwa mpya apelekwe kwa daktari mapema, achanjwe, apewe dawa ya chango, na mlezi aeleze kwa daktari tabia zote anazoziona, hata zile anazozidhani kuwa hazihusiani na ugonjwa.

Baada ya mwili kuwa salama, huja elimu ambayo naiona ndiyo roho ya makala haya, nayo ni elimu ya kusoma ishara. Mbwa haumi ghafla isipokuwa mara chache sana. Hutangulia kusema kwa viungo vyake. Hugeuza uso pembeni. Hulamba midomo ingawa hana chakula. Hupiga miayo ingawa hana usingizi. Hufyata mkia na kulaza masikio. Weupe wa jicho huonekana pembeni kwa kuwa kichwa kimeelekea huku na jicho linatazama kule. Kisha mwili hukakamaa, na pumzi ikasimama kwa kitambo. Yote haya yakipuuzwa, hunguruma. Mngurumo ukipuuzwa, huonyesha meno, na meno yakipuuzwa, huuma. Sasa, watu wengi hawaoni lolote katika hatua za kwanza, na wausikiapo mngurumo humpiga mbwa kwa kukosa adabu. Mbwa akipigwa hivyo mara kwa mara hujifunza jambo moja: kwamba kuonya kuna adhabu. Hofu yake iko pale pale, lakini onyo limeondolewa. Na siku nyingine atauma kimya, na watu watasema kuwa aliuma bila sababu. Mngurumo ni amana ambayo mbwa amempa mwanadamu. Ausikiaye na asimame, arudi hatua mbili nyuma bila kelele, kisha ajiulize ni jambo gani lililomtisha mnyama, na alitibu hilo.

Najua kuwa shauri hili huwakera wale walioambiwa kuwa mbwa akiachiwa kunguruma atajiona mkuu wa nyumba, na kwamba dawa yake ni kumwangusha chini, kumkaba na kumkazia macho mpaka asalimu amri. Fikra hiyo ina asili yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel wa Uswisi alichapisha maelezo ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, ambao waligombea vyeo kwa mapigano, na watu wakauchukua mfano huo wakauvika mbwa wa nyumbani. David Mech wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilichangia sana kuieneza fikra hiyo, baadaye aliwafuata mbwa mwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere huko Kanada, akakuta kuwa kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, wala si jeshi la wagombea vyeo. Na mwaka 1999 akaandika kwa uwazi kusahihisha maneno ya zamani. Fauka ya hayo, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza wenye mbwa walioletwa kwao kwa ajili ya matatizo ya tabia ni njia gani walizokwisha jaribu: miongoni mwa mbwa waliopigwa au kutiwa mateke na wenyewe, asilimia 43 walijibu kwa ukali, na miongoni mwa wale waliolazwa chali kwa nguvu, asilimia 31. Mtu amkabaye mbwa mwenye hofu anamthibitishia kuwa aliogopa kwa haki.

Tutazame kwa karibu mfano mmoja, maana kanuni bila mfano huwa maneno tu. Mbwa dume, aitwaye Simba, aliokotwa akiwa amekonda mbavu zikihesabika, na katika nyumba iliyompokea alikuwa mtiifu saa zote isipokuwa saa ya kula. Aliwekewa ugali na dagaa katika sahani ya bati chini ya mwembe. Mwenyewe alipokuwa hatua nne kutoka kwenye sahani, mbwa aliongeza kasi ya kula; alipokuwa hatua tatu, shingo ilishuka juu ya sahani, mguu mmoja wa mbele ukaja ukaikingama, na weupe wa jicho ukaonekana; alipofika hatua mbili, akanguruma huku anaendelea kumeza. Jirani alikuwa amemshauri mwenye mbwa aichukue sahani kwa nguvu kila siku ili mbwa ajue chakula ni cha nani. Shauri hilo lilikuwa likimfunza Simba kuwa hofu yake ni ya kweli: kila ajapo mtu, chakula huondoka.

Tulifanya kinyume chake. Mwenyewe alisimama hatua tano, pale ambapo mwili wa mbwa ulikuwa bado laini, akatupa kipande kidogo cha ini la kuchemsha kikaanguka kando ya sahani, kisha akageuka akaenda zake. Hakusema neno, hakungoja shukrani. Jambo hilo lilirudiwa katika kila mlo, na hakusogea hata hatua moja mbele mpaka alipoona kuwa mbwa, kwa kusikia nyayo, anainua kichwa na kutazama mkono kwa uso mwepesi, mkia ukipepea chini chini. Ndipo akasogea nusu hatua, na tena nusu hatua. Siku alipoona shingo imekaza, alirudi nyuma. Baada ya majuma kadhaa Simba alikuwa akiacha sahani yake na kumwendea mwenyewe, kwa sababu nyayo zilizokuwa habari ya hasara zimekuwa habari ya ini. Tena hata hapo tulikataza watoto wa nyumba wasipite karibu wakati wa mlo, kwa kuwa funzo alilolipata kwa mtu mmoja halihamii kwa watu wote lenyewe. Njia hiyo hiyo hufaa kwa kitu alichokiiba: asifukuzwe wala kufunguliwa taya kwa nguvu, bali apewe kitu bora zaidi kwa kubadilishana, naye atajifunza kuvileta vitu badala ya kuvificha chini ya kitanda.

Tabia ya pili iwachoshayo watu ni ile ya mbwa asiyeweza kuachwa. Mwenyewe akitoka, mbwa hulia, hukwangua mlango mpaka kucha zikatoka damu, hukojoa ovyo na kupasua godoro. Yafaa kwanza kupambanua, maana yuko mbwa anayetafuna kwa uchovu wa kukosa kazi, na yuko anayetafuna kwa fadhaa. Simu iachwe ndani ikichukua picha za video, nayo itatoa ushahidi: wa kwanza hulala, huamka, huzurura, kisha hutafuta cha kutafuna; wa pili huanza kuhangaika aghalabu katika nusu saa ya kwanza, hutweta, hudondoka mate, na uharibifu wake huwa mlangoni na dirishani, mahali mwenyewe alipotokea. Wa kwanza dawa yake ni matembezi marefu asubuhi, na chakula kilichotawanywa nyasini akitafute kwa pua, kwa kuwa kunusa humchosha mbwa uchovu wa raha. Wa pili huhitaji kufunzwa kuachwa kwa vipimo vidogo. Mwenyewe achukue funguo, avae viatu, kisha aketi asiende popote, mpaka funguo na viatu visiwe tena habari ya msiba. Halafu atoke mlangoni kwa kitambo cha pumzi chache na kurudi kabla mbwa hajaanza kulia. Na muda uongezwe kwa kadiri mbwa anavyostahimili, siku nyingine upunguzwe. Katika kipindi hicho, ikiwezekana, asiachwe peke yake kabisa nje ya mazoezi, kwa kuwa kila siku ya fadhaa hubomoa kazi ya siku nyingi. Kwa mbwa aliyezidiwa, daktari aweza kutoa dawa za kutuliza pamoja na mazoezi, wala si aibu kuzitumia.

Hapa ndipo nisikiapo mara nyingi maneno kama yale ya mama mmoja aliyeniletea mbwa wake, akisema: “Daktari, huyu anajua kabisa alilolifanya. Nikifungua mlango tu, tazama anavyofyata mkia na kuinamisha macho.” Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard huko New York alilichunguza jambo hilo hilo na kutoa matokeo yake mwaka 2009: aliwapanga wenye mbwa waamini kuwa mbwa wao wamekula kilichokatazwa, na wengine waamini kuwa hawakula, bila kujali kilichotokea hasa. Sura ile tuiitayo sura ya mkosaji ilionekana kwa mbwa aliyekemewa, awe amekosa au hakukosa, na ilizidi hasa kwa wale waliokemewa ilhali hawakula kitu. Basi mbwa afyataye mkia mlangoni anasoma ghadhabu iliyo usoni petu. Haungami kosa la saa tatu zilizopita. Kumwadhibu baadaye ni kumfunza kuwa kurudi kwa mwenyewe ni jambo la kuogopwa, na mbwa anayeogopa kuachwa, akiongezewa kuogopa kurudiwa, hana tena saa ya amani.

Kubweka langoni nako kuna hoja yake. Kila mpita njia hupita akaenda zake, lakini mbwa aliyebweka huona kuwa ni yeye aliyemfukuza, na kwa hiyo kila siku humpa ushindi mpya na sababu mpya ya kubweka. Pazibwe mahali anapochungulia, kwa makuti au mabati, ili ushindi huo upungue. Na atokeapo mtu kwa mbali, kabla sauti haijatoka, mbwa aitwe na kupewa kipande cha nyama, mpaka kutokea kwa mtu kuwe ni sababu ya kumgeukia mwenyewe. Mnyororo wa mchana kutwa uachwe. Mbwa aliyefungwa hana njia ya kukimbia akitishwa, hivyo hubakiwa na njia moja, nayo ni kushambulia. Wengine hupenda iwe hivyo, wakidhani kuwa mbwa mwenye uchungu ndiye mlinzi bora. Lakini mlinzi aongozwaye na hofu hapambanui baina ya mwizi na mtoto wa jirani aliyeufuata mpira, na mara nyingi ndiye akimbiaye mwizi akimrushia jiwe. Mbwa aliyetulia, anayewajua wa nyumbani na kutii aitwapo, hubweka panapostahili na kunyamaza akiambiwa, na ulinzi haudai zaidi ya hapo.

Kuhusu haja ndani ya nyumba sitarefusha: mbwa mkubwa asiyewahi kuishi ndani hajui kuwa sakafu ni haramu. Atolewe kila baada ya kula, kulala na kucheza, asifiwe na kutunzwa pale pale nje anapomaliza, na alipokosea paoshwe vizuri kwa sabuni na siki ili harufu isimwite tena. Kumsugua pua kwenye mkojo wake hakumfunzi ila kujificha nyuma ya kabati wakati wa haja.

Kazi yote hii huharibika ikiwa nyumba haina neno moja. Baba akimkataza mbwa kupanda barazani, watoto wakamwita juu yake, msaidizi wa kazi akamfukuza kwa ufagio, na mlinzi wa lango akamchokoza ili awe mkali, mbwa hatajua sheria ni ipi, na asiyejua sheria huishi kwa wasiwasi. Watu wa nyumba wakae pamoja, wachague maneno machache, wakubaliane nani alishe, nani atembeze, na kwamba mbwa aliyelala au anayekula haguswi na mtoto yeyote. Katika nyumba nyingi za pwani, zinazofuata madhehebu ya Shafii, ambapo mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, moja yake kwa udongo, hakuna katika malezi haya kinachovunja taratibu hizo. Malipo yaweza kurushwa chini badala ya kutolewa mkononi, mbwa akawa na vyombo vyake na banda lake uani, na amri zikatolewa kwa sauti na kwa ishara ya mkono. Kurani yenyewe, katika Sura ya al-Maida, inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu ni mashuhuri misikitini na madrasani petu.

Lazima niseme wazi juu ya kuumwa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa huua, kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila wagonjwa 100 karibu 99 waliambukizwa na mbwa. Ukishaonyesha dalili kwa mwanadamu, ugonjwa huo karibu daima huishia katika mauti, ilhali kuzuilika kwake ni kwepesi. Aliyeumwa au kukwaruzwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupewa chanjo, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Na mbwa mwenyewe, akiwa hai na anajulikana, awekwe chini ya uangalizi wa daktari kwa siku 10. Mbwa aliyebadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole kupita kiasi, akashindwa kumeza na kudondoka mate, asiguswe wala kufunzwa. Daktari wa mifugo aitwe mara moja. Tena chanjo ya kila mwaka isiachwe, hata kwa mbwa asiyetoka uani.

Na ikiwa mbwa, pamoja na malezi yote, ameuma kwa nguvu mara nyingi, na nyumbani mna watoto wadogo, mlezi asione haya kukiri kuwa nyumba hiyo haimfai mbwa huyo. Atafute ushauri wa daktari, amrudishe kituoni au amtafutie maskani pasipo watoto, na amweleze mpokeaji kweli yote bila kuficha. Kumtupa sokoni usiku ni kumzidishia hofu na kuwahamishia hatari watu wasiojua.

Nawasihi wale wanaokusudia kumchukua mbwa wa namna hii wasiogope, bali wajiandae. Wahesabu wasaa wao kabla ya kuhesabu gharama za chakula, kwa kuwa miezi ya mwanzo itadai subira ya kila siku. Na wakiisha kumchukua, wazingatie mambo matatu: mwili wake utibiwe kwanza, ishara zake zisomwe kabla hazijawa mngurumo, na mngurumo ukisikika usiadhibiwe. Mbwa wengi waliohukumiwa kuwa hawafundishiki hawakuwahi kupata mtu wa kuwafunza kwa njia hiyo.